Ushuru wa mabati na vigae "umesitishwa": nikiagiza sasa, sitalipa?

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Kahama. Nimesikia kwenye bajeti kwamba serikali inasitisha kwa mwaka mmoja kiwango cha ushuru wa forodha kwenye mabati na vigae. Nikiagiza kontena China sasa hivi, litaingia bila ushuru?

JIBU: Ndugu yangu, usitume pesa kwanza. Kinachositishwa ni kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, si ushuru wenyewe. Viwango vya pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Nchi ikitaka kukaa nje ya kiwango hicho kwa muda, huomba idhini ya Baraza la Mawaziri la Jumuiya, kisha hutoza kiwango chake. Kinaweza kushuka, kinaweza kupanda. Kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinazitengeneza, kama mabati, nondo na vigae, mara nyingi kinapanda.

Piga hesabu. Tuseme mzigo wako, pamoja na bima na nauli ya meli, una thamani ya shilingi milioni 20. Kwa asilimia 25, ushuru ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani na ushuru kwa pamoja, yaani milioni 4.5. Jumla milioni 9.5. Kiwango kikipanda hadi 35, jumla inafika milioni 11.86, na bado hujalipa tozo ya reli wala gharama za bandari. Kwenye chuma angalia pia maneno "au dola kadhaa kwa tani, kilicho kikubwa". Kama ni asilimia 25 au dola 250, bati la dola 700 kwa tani halilipiwi dola 175, linalipiwa 250. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapoumia, kwa sababu bei nafuu ya China haiwapunguzii ushuru.

Kwa hiyo soma Gazeti rasmi la Jumuiya, linalotangaza viwango hivi na hutoka mwishoni mwa Juni, na uende na namba ya forodha ya bidhaa yako, si jina tu. Bati la migongo lenye zinki liko 7210.41, la rangi liko 7210.70. Moja linaweza kuguswa na lingine likaachwa.

Tarehe nayo ina uzito. Unatozwa kiwango kinachotumika siku bidhaa inapoingizwa rasmi kwa matumizi ya nchini, si siku uliyonunua. Meli iliyotarajiwa Juni ikitia nanga Julai, mwaka wa bajeti umeshageuka. Kuweka mzigo kwenye ghala la dhamana, yaani ghala ambako mzigo husubiri kabla ya kulipiwa ushuru, hakukufungii kiwango cha zamani.

Kabla ya kulipa, ulizia pia bei za viwanda vya Kenya na Uganda. Bidhaa yenye cheti cha uasili wa Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha, VAT tu na tozo zinazohusika.