Mama hatawachoma wajukuu: niliyopitia na dawa ya mionzi ya tezi ya shingo

Kaka wa Kasulu, umeuliza kama mama yako, aliyetolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani na sasa anatakiwa kwenda Dar kunywa dawa yenye mionzi, atawadhuru wajukuu anaolala nao akirudi. Umesema pia mjomba, ambaye ana saratani ya tezi dume, anashauri asiende kabisa kwa kuwa anaona ni majaribio, na yeye mwenyewe ameulizia sindano ya mionzi aliyosikia iko India. Mimi naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nimetolewa tezi hiyo hiyo na dawa hiyo nimeinywa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar. Tafadhali, mama aende.

Dawa yenyewe ni iodini 131, ndugu wa madini joto yanayotiwa kwenye chumvi, ila hii inatoa mionzi. Tezi hiyo ya shingo, yaani thairoidi, hukusanya madini joto kuliko kiungo kingine chochote mwilini, kwa sababu inayatumia kutengeneza homoni zake. Saratani iliyoanzia kwenye seli hizo, hasa aina za papilari na folikula, mara nyingi hubaki na tabia hiyo hata ikihamia mapafuni au mifupani. Mgonjwa anameza, dawa inaingia kwenye damu, na seli za saratani zinaivuta zenyewe mpaka ndani. Mionzi inayoziua haivuki milimita mbili hivi ndani ya nyama. Ndiyo maana sikunyonyoka nywele wala ngozi ya shingo haikuungua. Hii si mionzi ya kulala chini ya mashine. Lakini saratani ya aina ya medula haivuti iodini, kwa hiyo hakikisha mama anasafiri na jibu la patholojia la ile nyama iliyotolewa.

Mjomba akisema ni majaribio, mwambie daktari Saul Hertz alianza kutibu wagonjwa wa tezi kwa iodini ya mionzi huko Boston mwaka 1941. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake walichapisha habari za mgonjwa ambaye saratani yake ya tezi ilikuwa imeshasambaa, wakamtibu kwa dawa hii. Mjomba mwenyewe huenda alikuwa hajazaliwa.

Sasa maandalizi, maana hapa ndipo watu wa huku tunapopata shida, kwa kuwa yanaanzia nyumbani na hospitali iko mbali. Seli zinatakiwa ziwe na njaa ya iodini kabla ya dawa kufika. Mimi niliambiwa nisimamishe vidonge vya thairoksini (homoni ya kuziba pengo la tezi iliyotolewa) wiki kadhaa kabla, ili TSH, homoni inayoiamsha tezi, ipande na kuzisukuma seli zivute kwa nguvu. Kipindi hicho ni kigumu, sitakuficha. Mwili unakuwa mzito, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa hata mchana wa jua la Kigoma, unasahau ulichotumwa dukani, unalia bila sababu. Waambie wa nyumbani mapema, ili mama asionekane amekuwa mvivu au amekata tamaa. Asisimamishe vidonge kwa uamuzi wake. Tarehe aipewe na daktari.

Chakula nacho kinabadilika kwa wiki moja au mbili. Chumvi ya dukani yenye madini joto inawekwa pembeni, pamoja na samaki wa baharini, maziwa na mayai. Watu watamwambia aache samaki wote. Migebuka wabichi wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa maji baridi, si wa baharini, na mimi niliruhusiwa. Wasiwe tu wamekaushwa kwa chumvi. Wali, ndizi za kupika, matunda na mboga za majani vilinifikisha salama. Na kama hivi karibuni amepigwa CT scan kwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, aseme. Dawa hiyo imejaa iodini, na huenda tiba ikasogezwa mbele ili ipungue mwilini. Mtu akitoka Kasulu mpaka Dar ndipo agundue hilo, nauli imekwenda bure.

Kunywa dawa kwenyewe ni dakika chache. Kinachofuata ni kukaa chumba cha peke yako na choo chako. Iodini ambayo haikuvutwa na seli inatoka kwa mkojo zaidi, na kidogo kwa mate na jasho. Kwa hiyo unakunywa maji mengi, unakwenda haja mara kwa mara, unamwaga maji chooni mara mbili, unaoga kila siku. Wahudumu wanakupima kwa kifaa, kipimo kikishuka ndipo unaruhusiwa. Tezi za mate ziliniuma na ladha ya chakula ikapotea kwa muda. Baada ya siku kadhaa nilipigwa picha ya mwili mzima, maana dawa hiyo hiyo inatoa pia mionzi ya gama inayopenya nje, na kamera inaiona. Daktari alinionyesha mahali ilipowaka: shingoni tu, kwenye mabaki madogo ya tezi. Niliposhuka kitandani miguu ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Mionzi hiyo ya gama ndiyo inayokufanya uulize habari za wajukuu, na swali lako ni la haki. Iodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, na kwa mtu aliyeondolewa tezi mwili huitoa haraka zaidi ya hapo. Hatari inategemea umbali na muda. Kupita karibu na mama au kumsalimia si kitu. Kulala naye kitanda kimoja usiku kucha katika siku za mwanzo ndiko kunakokatazwa, hasa kwa watoto na wajawazito. Alale peke yake, awe na sahani na taulo lake, mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya ruhusa ziishe. Zikiisha, wajukuu warudi mapajani kwake bila woga. (Dada zangu mnaosoma: mjamzito hapewi dawa hii, anayenyonyesha huacha kabla, na ujauzito husubiri angalau miezi 6.)

Safari ya kurudi ndiyo niliyoihangaikia kuliko vyote. Kwa reli, Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,250, na basi ni hivyo hivyo: saa nyingi mmebanana na mtu usiyemjua, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Kabla ya kupanga tarehe ya matibabu, pangeni mama atafikia wapi Dar kwa siku za baada ya kuruhusiwa, kwenye nyumba isiyo na watoto. Bajeti ya hilo iwe sawa na ya nauli. Wauguzi waulizwe wazi: mgonjwa anakwenda Kasulu kwa basi, asubiri mpaka lini?

Kuhusu mjomba mwenyewe na tezi dume yake, na ile sindano aliyosikia iko India, ya lutesiamu 177 ambayo nayo ni dawa yenye mionzi: ni ya kweli, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2022. Inashika alama iitwayo PSMA iliyo juu ya seli za saratani hiyo. Kwenye utafiti wa wanaume 831 ambao saratani ilikuwa imesambaa na dawa nyingine zimeshindwa, waliopewa waliishi miezi 15.3 kwa wastani wa kati, wasiopewa miezi 11.3. Inaongeza muda na kupunguza maumivu. Isiuzwe kwake kama tiba ya kupona. Na kabla ya kuuza shamba, apate kwanza picha ya PSMA. Saratani yake isipowaka kwenye picha hiyo, sindano haina pa kushika.

Ukipata jibu la patholojia la mama, andika hapa aina tu, bila jina lake, na wiki aliyopangiwa. Nitakuandikia nilivyopanga mlo wangu siku kwa siku.