Swichi ya winchi kwenye dashibodi
Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama waya mnene wa umeme wa winchi (mashine ya kuvuta gari likinasa) unaweza kupitishwa kwenye swichi ya dashibodi. Hauwezi, kwani mota ya volti 12 ikivuta gari lililonasa huweza kula hadi ampea 400, ilhali kazi ya swichi hiyo ni kuamsha kontakta tu (swichi nzito ya sumaku-umeme inayopitisha umeme mkubwa wa mota), kwa waya mwembamba wenye fyuzi ndogo, unaopata umeme pale ufunguo wa gari unapowashwa. Chagua swichi inayorudi katikati yenyewe ukiiachia. Kontakta ifungwe juu, kwani matope ya masika huku kwetu hupenya kila mahali. Waya mkuu wa chanya, karibu na betri, uwekee swichi kubwa ya kukata umeme (mafundi wengi huiruka), kwa sababu kontakta ikigandamana, yaani ikikwama ikiwa imewaka, winchi haisimami hata ukiachia kidole.