Kitabu cha Mhubiri Hakisomwi kwa Haraka

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Makambako aliyefiwa na mama yake mwezi Machi. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani aliandika hivi: "Mwalimu, tangu tuanue matanga kila mtu ananipa mstari wa faraja, lakini mimi nikifungua Biblia mkono unakwenda kwenye Mhubiri tu, na nyumbani wanasema nimeanza kukata tamaa. Je, ninakosea?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali lake nilikuwa nalo mimi mwenyewe tangu mwaka 2019, na wakati ule sikumpata wa kunijibu.

Baba yangu alifariki mwezi Juni mwaka huo, nyumbani kwetu Njombe, katika majira ya baridi ambayo mtu akifungua kinywa asubuhi huiona pumzi yake ikitoka kama moshi. Siku chache kabla ya kifo chake nilimkalisha nje, penye jua, amejifunika blanketi hadi kidevuni, nikawa naitazama pumzi yake nyeupe jinsi ilivyotoka, ikasimama kitambo mbele ya uso wake, kisha ikapotea kabla sijaifikishia mkono. Sikujua kwamba nilikuwa nalitazama neno kuu la Mhubiri kwa macho yangu.

Sisi tuliokulia katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, tunaujua mstari ule kwa moyo: "Ubatili mtupu, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili." Sasa, katika Kiswahili chetu cha kila siku, kilicho batili ni kile kisicho na nguvu kisheria, kama mkataba batili au ndoa batili, na kwa miaka mingi nilidhani kitabu hiki kinatangaza kwamba maisha yamefutwa. Baada ya mazishi, mchungaji mmoja aliniazima kitabu cha maelezo ya Biblia, nikasoma kwamba neno la Kiebrania lililotumika pale ni hevel, yaani pumzi au mvuke, na kwamba limerudiwa mara 38 katika sura 12. Ndilo hilo hilo jina la Habili, yule aliyeuawa kondeni na ndugu yake. Waraka wa Yakobo nao unasema kwamba sisi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka. Nililia sana usiku ule. Pumzi ya baba yangu haikuwa batili. Ilikuwa ya kweli, ilikuwa na joto, na ilikuwa fupi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiridhike na neno la tafsiri moja mpaka umejua picha iliyoko nyuma yake. Wa pili ni kusoma polepole, kwa sauti, na usiruke kwenda kwenye hitimisho la sura ya 12 kuhusu kumcha Mungu na kuzishika amri zake. Hitimisho hilo ni la kweli, lakini Mhubiri amelifikia baada ya kujenga nyumba, kupanda mizabibu, kukusanya fedha, na kuona mwenye haki akiangamia katika haki yake. Anayelichukua bila kupita huko amebeba maneno ya mtu mwingine.

Nasema haya nikiwa na kosa langu. Kabla ya msiba wetu, nilikwenda kumhani jirani aliyezika mtoto, nikamwambia kwa sauti ya uhakika, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Aliniangalia, hakujibu, na tangu siku ile salamu yake kwangu ikawa fupi. Nilipokuja kukisoma Kitabu cha Ayubu kwa utulivu ndipo nilipoona kwamba Ayubu aliyasema maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, na hakuna aliyemjia kumwambia hayo. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na katika kitabu chote chenye sura 42 hawakufanya jambo jema kuliko hilo. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza.

Mwaka 2021 niliomba kuongoza darasa la Mhubiri usharikani. Katika juma la tatu kiongozi mmoja alisimama mbele ya watu akasema ninawafundisha waumini huzuni, na Jumapili iliyofuata darasa likapewa somo la mafanikio. Nimesamehe, lakini sitadai kwamba hainiumi tena. Tulihamia sebuleni kwangu tukiwa watu 9, tukakutana kila Alhamisi jioni, na mwezi uliopita tumekimaliza kitabu chote, neno kwa neno. Namshukuru Mungu kwa hilo, nami ninajivunia.

Tulipofika sura ya 12, kuhusu siku ambayo walinzi wa nyumba watatetemeka na wasagao watakoma kwa kuwa ni haba, niliwaeleza kwamba wengi huwaelewa walinzi hao kuwa mikono ya mzee, na wasagao kuwa meno. Bibi mmoja wa miaka 81 alinyanyua mikono yake, ikawa inatetemeka kweli, kisha akagusa shavu na kusema, "Wangu wamebaki wanne." Hakuna aliyecheka. Alituomba turudie kusoma tangu mwanzo wa sura, naye akawa anaitikia kila mstari kama mtu anayeitwa jina lake.

Ndugu zangu, tumezoea kuombea gari, kiwanja na kupandishwa cheo, na hayo si dhambi, lakini ni lini umeomba kama Zaburi ya 90 inavyoomba, kwamba Bwana atujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima? Mhubiri anasema ni heri kwenda nyumba ya matanga kuliko nyumba ya karamu, na ni Mhubiri huyo huyo anayetuambia tule chakula chetu kwa furaha. Yashike yote mawili. Ukiacha moja, humjui Mhubiri.

Kijana yule nimemjibu kwamba hakosei, asome tu, asome kwa sauti. Ameniuliza kama anaweza kuja kwetu, maana kutoka Makambako si mbali. Alhamisi hii tunaanza Ayubu. Tutasoma sura mbili za kwanza, mpaka pale marafiki wanapoketi chini pamoja naye, kisha tutafunga Biblia na kukaa kimya pamoja.