502 kutoa 187: ushauri kwa shule inayotaka kuacha namba

Nilimwandikia binti mmoja ubaoni 502 kutoa 187, naye akajibu 485 bila kusita. Hakuwa akibahatisha. Katika kila safu alitoa tarakimu ndogo katika kubwa, hata pale ambapo ndogo ndiyo iliyo juu: 7 toa 2, 8 toa 0, 5 toa 1. Amefanya hivyo tangu Gredi ya 3, na sasa yuko Gredi ya 5. Ripoti yake ya muhula ilisema Hisabati alama 64, "kufikia matarajio". Chini yake palikuwa na sahihi yangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Mtaala wa umilisi (CBC), unaopima kile mtoto anachoweza kufanya, ulikuwa umeingia madarasa ya chini tangu Januari 2019, nasi tulikuwa tumehudhuria mafunzo, tumebandika chati na kuzihifadhi ngazi zake nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Lakini nikifungua rekodi za walimu nakuta mtihani ule ule wa alama 100, kisha jedwali la kubadilisha: 80 kwenda juu ni kuzidisha, 50 hadi 79 ni kufikia. Sikuwalaumu. Tumelelewa na KCPE, mtihani uliotawala shule zetu za msingi kuanzia 1985 hadi 2023, na hesabu ya "ana ngapi kati ya 500" imetuingia damuni.

Kwa hiyo ukitaka kuibadilisha shule yako, usianze na fomu ya ripoti. Anza na swali hili: mtoto asipoelewa jambo leo, atarudi kwenye jambo hilo lini? Alama 64 inakwambia kuna 36 zilizopotea, haikwambii zilipotelea wapi, na Jumatatu mwalimu anafungua mada mpya. Kama hakuna siku ya kurudi, andika maneno yoyote utakayo kwenye ripoti, hayatamsaidia yule binti.

Mimi jambo hili nilikutana nalo utotoni, chuoni, nilipokuwa nikisomeshwa Kurani. Tulikaa mkekani watoto thelathini hivi, kila mmoja na mahali pake. Mmoja yuko kwenye alifu, herufi ya kwanza, mwingine Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, mwingine yu karibu kukhitimu. Maalimu alikusikiliza peke yako. Ukikosea unarudi kudurusu, kesho unasikilizwa tena, na sura haivukwi mpaka imekaa ulimini. Wakubwa waliwasikiliza wadogo. Sikuwahi kusikia mtu akiambiwa amepata asilimia sitini ya sura. Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, alitoa hoja kwamba wanafunzi wengi sana wanaweza kufika wanakofika wale hodari, wakipewa muda na kurekebishwa makosa yao. Nilipoisoma nikiwa chuo cha ualimu, nilimkumbuka maalimu wangu.

Tulianza na somo moja, Hisabati, na madarasa mawili tu, Gredi ya 4 na ya 5. Nakusihi ufanye vivyo hivyo. Tuliandika orodha ya mambo ambayo mtoto anapaswa kuyaweza kufikia mwisho wa muhula, kwa maneno ambayo mamake atayaelewa: "Anaweza kutoa namba yenye sifuri katikati." "Anaweza kugawanya na kueleza baki ni nini." Mara ya kwanza tulifika mambo arubaini, walimu wakachoka kabla ya wiki ya tatu. Tukapunguza hadi kumi na mawili. Ni bora hayo machache yawe ni yale ambayo bila yake mengine hayasimami.

Kisha tukatafuta muda, na hapa ndipo penye vita. Vipindi viwili vya Ijumaa vikawa vya kurudi. Hakufundishwi jipya siku hiyo. Darasa la watoto 52 linagawanyika kwa makosa, halifuati nafasi zao za darasani: hawa sifuri inawasumbua, hawa jedwali la saba, hawa wameyaweza yote. Walimu waliniambia silabasi haitaisha, na kweli muhula ule haikuisha. Niliwaambia jukumu hilo ni langu, nikamwandikia afisa wa elimu kueleza sababu. Kama wewe ni mkuu wa shule, usimwachie mwalimu wa darasa mzigo huo. Ukimwacha peke yake, kufikia muhula wa pili atakuwa amerudi kwenye alama 100.

Kurudi nako kuna masharti. Mtoto hapewi maswali yale yale, kwa sababu atakariri majibu. Na kabla ya kujaribu tena lazima alete kazi aliyofanya kati ya jaribio la kwanza na la pili, walau maswali matano, na aseme kwa mdomo wake alikosea wapi. Tulipolegeza sharti hili, watoto waliacha kujitahidi mara ya kwanza.

Wale walioweza mapema tuliwakosea mwanzoni. Tuliwageuza wasaidizi wa mwalimu kila Ijumaa, mpaka mvulana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na mimi nitasoma lini?" Alikuwa na haki. Kumfundisha mwenzako kunakukomaza, lakini wiki mbili mfululizo ni nyingi. Sasa wanafanya hivyo kwa zamu, na siku nyingine wanapewa maswali magumu yao wenyewe.

Wazazi waliuliza walichokuwa wakiuliza siku zote: amekuwa wa ngapi? Usiwahutubie. Mzazi anataka kujua mtoto wake anaendelea, na namba ndiyo lugha pekee tuliyompa miaka yote. Siku ya kufunga shule tuliondoa hotuba, tukamweka kila mtoto mbele ya mzazi wake na orodha yake ya mambo kumi na mawili, amwonyeshe.

Binti wa 502 alikaa na mamake, ambaye anauza mahamri asubuhi karibu na stendi na kurudisha chenji siku nzima. Mama akampa yake mwenyewe: 700 kutoa 268. Binti akaandika, akaeleza jinsi alivyoivunja mia moja ikawa makumi kumi, na kumi moja ikawa mamoja kumi, akafika 432. Mama akahesabu kwa vidole vyake chini ya meza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka kidole kwenye mstari usio na alama ya vema.

"Na hili?"

"Hizo hesabu za sehemu, mama. Bado. Tukifungua shule, Ijumaa ya kwanza naanza nazo."