Udongo mzito wa Kakoneni: mchanga wa pwani hautausaidia

SWALI: Assalaam aleikum, bwana shamba. Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 8, hapa Kakoneni, si mbali na Mto Sabaki. Udongo ni mweusi na mzito. Masika maji hutuama siku mbili tatu na bamia zangu zikawa manjano. Kaskazi ikiingia ardhi hupasuka hadi mkono waingia kwenye ufa, na jembe ladunda. Jirani ameniambia nimwage pikapu tatu za mchanga wa ufuoni. Mwengine asema chokaa. Pesa nilizo nazo zatosha jambo moja tu. Tena nina miche ya biringani kitaluni, imefika wiki ya nne. Nifanye lipi? Mama mkulima, Kakoneni.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Pesa za mchanga zishike kwanza, usimpe mwenye pikapu.

Tupige hesabu pamoja. Bustani yako ni mita 10 kwa 8, na jembe likizama sentimita 20 utakuwa umegusa mita za ujazo 16 za udongo. Ili udongo wa mfinyanzi kama huo wako ugeuke tifutifu kwa nguvu ya mchanga peke yake, mchanga huo lazima ukaribie kulingana na udongo wenyewe kwa wingi, yaani tani 25 hivi. Pikapu tatu ni kama tani 3. Ukizitandaza bustani nzima utapata tabaka la sentimita 2 na kidogo.

Na mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi haulegezi kitu. Umeona mafundi wa kukandika nyumba. Udongo mtupu ukikaukia ukutani hupasuka, kwa hiyo fundi huuchanganya na mchanga, akaukanyaga na maji mpaka ushikane. Wafinyanzi nao hutia mchanga au vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni. Chembe ndogo za mfinyanzi hujaa katikati ya punje za mchanga, maji yakikauka kitu chote kinakuwa kimoja. Jirani yako ana nia njema, lakini alichokuelekeza ni jinsi ya kutengeneza ukuta.

Mchanga wa ufuoni una ubaya mwingine juu ya huo, nao ni chumvi. Chembe za mfinyanzi hukaa kwa vibonge vidogo vidogo, na kalisiamu ndiyo husaidia kuvishikanisha. Sodiamu ya chumvi ikishika nafasi ya kalisiamu, vibonge huvunjika, chembe hutawanyika kwenye maji na kuziba kila tundu. Ndipo udongo unakuwa kama ugali mbichi wakati wa mvua, na kama sakafu wakati wa jua. Mchanga huo pia una maganda ya kombe na vipande vya matumbawe, ambavyo vyenyewe ni chokaa.

Hapo nimefika kwa jirani wa pili. Chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi. Hapa kwetu pwani mara nyingi hali ni kinyume, hasa sehemu zenye mwamba wa matumbawe chini. Ukiongeza chokaa pasipohitajika, madini ya chuma na zinki hujifunga ardhini, mmea unashindwa kuyavuta. Utaona majani machanga yamekuwa manjano huku vishipa vyake vimebaki kijani. Kwa hiyo usinunue hata mfuko mmoja kabla udongo haujapimwa.

Wako watakaokutajia jasi pia, yaani unga wa madini yenye kalisiamu (gypsum). Jasi ina kazi yake, lakini kwa udongo ulioharibiwa na sodiamu tu, kama unavyoweza kupatikana upande wa Gongoni hadi Marereni kwenye mashamba ya chumvi. Kujua kama wako ni wa aina hiyo hakuhitaji pesa. Kinga maji ya mvua kwenye gilasi safi. Chukua kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya hindi, kitumbukize taratibu na usikoroge. Kiache mpaka kesho yake. Kikibaki kizima, udongo una afya kuliko unavyodhani. Kikiporomoka lakini maji yakabaki safi, unakosa mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyooza. Maji yakichafuka kama yaliyotiwa maziwa na yasitulie hata baada ya saa 24, sodiamu imezidi. Hapo jasi itafaa, mradi uwe pia na njia ya kuyatoa maji, kwa sababu sodiamu iliyong'olewa lazima ioshwe iende zake. Tumia maji ya mvua, si ya kisima, maana maji ya kisima chenye chumvi yatakudanganya.

Sasa hizo bamia za manjano. Sidhani zilikosa mbolea. Mfinyanzi hushika virutubisho vizuri kuliko udongo wa kichanga. Mwenzako wa Watamu anayelima kwenye mchanga anamwaga samadi kila msimu na mvua inaipeleka chini. Bamia zako zilikosa hewa. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002, na ni bapa kama ukurasa. Zikilaliana bila vibonge, matundu yanayobaki ni membamba mno, yakijaa maji hayana pa kuyapeleka, na mzizi unahitaji oksijeni kama wewe na mimi. Siku mbili tatu za kuzama zinatosha kuuzuia kufanya kazi. Ukiona manjano ya namna hiyo usikimbilie urea. Chimba mfereji maji yatoke.

Kwa hiyo kazi yako ni kuufanya mfinyanzi uwe na vibonge na matundu. Usijaribu kuuondoa wala kuupunguza. Vitu viwili ndivyo vinavyofanya hivyo: mboji, na kuacha kuukanyaga.

Nianze na kukanyaga, kwa sababu hili halikugharimu chochote na ndilo linalopuuzwa. Gawa bustani kwa matuta ya upana wa mita 1.2, ili mkono wako ufike katikati kutoka kila upande, na njia za sentimita 40 kati yake. Tuta likishapimwa, mguu hauingii tena, si wako, si wa watoto, si wa mbuzi. Inua matuta sentimita 20 hadi 30 kwa udongo wa juu utakaoutoa kwenye njia. Njia zenyewe zitakuwa mifereji, basi zipe mteremko mdogo, zote zielekee upande mmoja ambako maji yanaweza kwenda bila kumdhuru jirani.

Kisha wakati wa kulima. Mfinyanzi una siku zake chache za kukubali jembe, na ukizikosa ni heri usubiri. Chota udongo wa kina cha kiganja, ufinye ngumi, halafu uguse kwa kidole. Ukiviringika kama kamba ya kuchezea, bado una maji mengi. Ukiwa mgumu usiofinyika, umechelewa. Ukifinyika ukawa donge, kisha ukasambaratika ulipoguswa, hiyo ndiyo siku. Kwako hali hiyo itapatikana mvua za masika zinapopungua, mwezi wa saba hivi, na tena baada ya manyunyu ya kwanza ya vuli. Nimeona shamba zuri likilimwa kwa trekta siku moja baada ya mvua kubwa kwa sababu trekta ilikuwa imeshakodiwa. Madonge yalikauka kama matofali na msimu wote mwenyewe alikuwa akiyapiga kwa mpini wa jembe. Iliniuma sana, kwa sababu siku tano tu za subira zingeliokoa.

Tumia fokojembe, lile la meno, badala ya jembe la bapa ambalo hulainisha udongo chini yake na kuufunga. Lizamishe, litikise, inua kidogo, sogea. Usiupindue ule wa chini ukaja juu.

Kuhusu mboji, usianze na bustani nzima. Anza na matuta matatu ya mita 5 kwa 1.2. Kila tuta lataka tabaka la sentimita 5, ambalo ni lita 300, au madebe 15 ya lita 20. Matuta matatu ni madebe 45. Ichanganye na sentimita 15 za juu. Ni nyingi, najua, lakini madebe 45 yakitawanywa bustani nzima hutayaona, na yakiwekwa kwenye matuta matatu utayaona msimu wa kwanza. Miaka inayofuata sentimita 2 hadi 3 zitatosha, nazo usizikose, kwa sababu joto letu la pwani huila mboji upesi.

Malighafi unayo karibu. Samadi ya mbuzi iliyokaa miezi miwili mitatu ikapoa. Mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Makuti chakavu ya paa lililoezuliwa, yaliyokatwakatwa. Majani makavu, maganda ya mihogo, mabua, machicha ya nazi kidogo yaliyofukiwa katikati ya rundo yasivute panya. Panga vikavu mafungu matatu kwa fungu moja la vibichi, vipate unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ugeuze kila wiki mbili. Kwa joto la Malindi, miezi miwili hadi mitatu itatosha. Makumbi ya nazi ukiyapata, yaloweke kwanza na umwage maji yake. Maganda ya korosho yaache kabisa, yana mafuta makali yanayochoma ngozi. Vumbi la mbao usilichimbie ardhini likiwa bichi, kwa sababu vijidudu vinavyoliozesha huvuta naitrojeni yote na mboga zako zitadumaa; liweke njiani.

Zile nyufa za kaskazi usizione ni adui tu. Ni milango. Kabla ya mvua za kwanza, chekecha mboji kavu uimwage ndani ya nyufa mpaka zijae. Mvua ikija ardhi itavimba na kufunga, na mboji itakuwa imeshafika kina ambacho fokojembe halifiki. Kwenye matuta yaliyopandwa ni tofauti: hapo ufa hukata mizizi, basi tandaza majani makavu sentimita 5 baada ya mvua kuisha, kabla udongo haujakauka. Yaweke mbali kidogo na shina, na uyainue mara kwa mara kuangalia mchwa.

Mizizi nayo ni wafanyakazi. Pembeni mwa bustani panda mbaazi. Mzizi wake hushuka zaidi ya mita moja hata kwenye udongo mgumu, na ukifa unaacha njia ya maji na hewa, na wewe utakuwa umepata mbaazi za nazi za asubuhi. Kwenye matuta ambayo bado hujayafikia weka kunde au pojo. Ukivuna, kata shina kwa kisu uache mizizi ardhini. Ukiing'oa unaondoka na kile ulichopandia. Mchicha, mnavu, bamia na biringani watakuvumilia mwaka wa kwanza. Karoti ziache mpaka mwaka wa tatu.

Ukibaki na akiba, itumie kupima. Maabara ya udongo ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyoko Kabete hupokea sampuli, na kituo cha KALRO cha Mtwapa au ofisi ya kilimo ya kaunti watakuelekeza. Chota kutoka sehemu nane hadi kumi za bustani, kina cha sentimita 20, changanya pamoja, ukaushe kivulini, peleka kama nusu kilo. Omba wapime asidi, chumvi na sodiamu. Ikiwa unamwagilia maji ya kisima na ukiyaonja yana ladha ya chumvi, peleka na chupa ya maji hayo, kwa sababu kazi yote ya mboji inaweza kuharibiwa na ndoo.

Miche ya biringani haiwezi kusubiri hayo yote, basi itengenezee tuta moja sasa, udongo ukikubali. Kosa ambalo wengi hufanya ni kuchimba shimo la kuta laini, kulijaza mboji tupu na kupanda humo. Kwenye mfinyanzi shimo hilo ni bakuli: maji ya tuta zima hukimbilia ndani, hayatoki, na mizizi huzunguka humo humo. Wewe changanya mboji na udongo ule ule ulioutoa, nusu kwa nusu, kwaruza kuta za shimo kwa ncha ya panga ziwe na michirizi, kisha panda mche kwenye kichuguu kidogo, sentimita 5 juu ya usawa wa tuta. Nafasi sentimita 60. Panda jioni, mwagilia mara moja vizuri, halafu usimwagilie tena mpaka uingize kidole hadi kifundo cha pili na kukuta pamekauka.