Mjue Farasi Akiwa Mzima: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Bandani

Anayeingia banda la farasi kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: huyu ni farasi wa aina gani, na farasi husumbuliwa na magonjwa gani. Kwa kawaida huyaandika kwenye kurasa mbili tofauti za daftari, kana kwamba hayahusiani. Nami nilifanya hivyo, na ilinichukua miaka kutambua kwamba ukurasa ni mmoja. Aina ya farasi hukuonyesha pa kutazama kwanza. Lakini mwenye kukuarifu kwamba kuna tatizo ni farasi mwenyewe, na hutamwelewa ikiwa hukuwahi kumchunguza siku ambayo haumwi na chochote.

Kwa hiyo anza na uzima. Farasi mkubwa aliyetulia huwa na joto la mwili la nyuzi 37.2 hadi 38.3 za Selsiasi; moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, naye hupumua mara 8 hadi 16. Mtoto wa farasi huzidi viwango hivyo, basi usimhukumu kwa vipimo vya mama yake. Joto hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa penye haja kubwa, ukiwa umesimama ubavuni mwake wala si nyuma yake, na usikiachie hata kidogo, maana huweza kuvutwa ndani. Mapigo ya moyo utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya ukingo wa taya. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole: pale palipogeuka peupe panapaswa kurudia rangi yake ndani ya sekunde 2.

Fanya hivyo kila siku kwa muda wa wiki 2, kwa kila farasi uliyekabidhiwa, na uandike. Wapo ambao mapigo yao hayapandi zaidi ya 30 wakiwa wametulia. Farasi wa namna hiyo akifika 44 bado yumo ndani ya kiwango cha vitabuni, ilhali kwake yeye hiyo ni dalili. Andika pia mavi. Najua wageni huona haya kuhesabu mavi, lakini farasi mzima hunya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, na ukifagia asubuhi ukakuta mafungu mawili tu umepata habari ambayo hakuna chombo cha hospitali kingekupa mapema hivyo.

Tukija kwenye aina, tofauti ya kwanza utakayofundishwa ni ile ya farasi na poni. Katika mashindano ya kimataifa mpaka ni sentimita 148 kutoka ardhini hadi kwenye mwinuko wa mabega, pasipo viatu vya chuma. Aliye juu ya hapo ni farasi. Kipimo hicho kinafaa mashindanoni, lakini bandani hakitoshi. Farasi wa Iceland kwa urefu ni poni, lakini kumwita poni mbele ya wafugaji wake ni kutafuta ugomvi. Jambo la kushika kuhusu poni si kimo, bali ni jinsi mwili wake unavyotumia chakula. Shetland, ambaye kwa kanuni za aina yake hazidi sentimita 107, pamoja na Exmoor na Connemara, walitokana na nchi za upepo, baridi na malisho haba. Miili yao ilijifunza kuhifadhi kila punje ya nguvu kwa ajili ya miezi ya njaa. Mpeleke mnyama wa namna hiyo kwenye uwanda wa majani mabichi matamu, kisha umwache humo mchana kutwa, utakuwa umemwandalia maradhi.

Maradhi yenyewe ni laminitisi, na hapa nakuomba usome polepole. Ndani ya kwato, mfupa wa mwisho wa mguu umeshikiliwa na tabaka nyembamba za nyama zilizopachikana na tabaka za ukuta wa kwato, mithili ya kurasa za vitabu viwili zilizoingizwa moja katikati ya nyingine. Kwa poni wengi chanzo ni sukari ya majani, ambayo humpandishia insulini katika damu. Insulini ikizidi, tabaka hizo huvutika na kudhoofika, na uzito wote wa mnyama unaanza kuning'inia kwenye kitu kinachoachia. Hali ikiendelea, mfupa huzunguka au huzama kuelekea wayo. Utamwona amesimama akiegemea nyuma ili kuipunguzia miguu ya mbele mzigo, na ukimgeuza mahali padogo atasita kama anayekanyaga makaa. Wengi husema ni mkaidi. Kabla hujasema hivyo, chuchumaa kando yake, uweke kidole gumba na cha shahada kwenye pande mbili za kifundo kilicho juu ya kwato, kwa nyuma, na ungoje. Kwa mnyama mzima utahangaika kuupata mshipa. Kwa mgonjwa utakugonga kidoleni bila kuutafuta. Mkono wako ukiwa umezoea mguu mzima, hutahitaji kuambiwa tofauti.

Sukari ya majani hupanda alasiri ya siku yenye jua, na hubaki juu baada ya usiku wa baridi kali, kwa hiyo malisho ya alfajiri huwa na nafuu isipokuwa pale usiku ulipokuwa na jalidi. Farasi wa zaidi ya miaka 15 anayepatwa na laminitisi, hasa akiwa na manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati wake, apimwe ugonjwa wa homoni uitwao Cushing, ambao una dawa ya kuutuliza.

Hapo sasa ndipo nilipokosea mimi. Nilikabidhiwa poni mnene, nikaambiwa apunguzwe, nami kwa bidii ya ugeni nikamnyima chakula karibu chote. Siku ya tatu alianza kusinzia, akakataa hata kile kidogo nilichompa, nami nikafurahi kwamba hamu yake ya kula imepungua. Daktari wa mifugo alipotoa damu na kukisimamisha kichupa, sehemu ya juu ilijitenga ikawa nyeupe kama maziwa: mafuta ya mwili yalikuwa yamefurika kwenye damu na kulilemea ini. Poni na punda wanene wako katika hatari hiyo kuliko farasi wakubwa. Hakupona. Tangu siku hiyo ninapopunguza uzito wa mnyama nampa majani makavu yaliyolowekwa na kuchujwa maji ili sukari ipungue, kiasi cha asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 3 za majani makavu, yakipimwa kabla ya kulowekwa, kwa poni wa kilo 200, na siendi chini ya hapo bila idhini ya daktari.

Kwa upande mwingine kabisa yuko Thoroughbred, farasi wa mbio, ambaye ukoo wake kwa upande wa baba unarudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huyu hanenepi kwa urahisi. Linalomwandama ni vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, ale asile, kwa kuwa ameumbwa kutafuna muda mrefu wa siku. Ukimpa nafaka mara mbili au tatu na kumfungia bila majani, asidi hiyo hubaki ikirukaruka juu ya ngozi laini ya tumbo kila anapokimbia. Dalili zake ni za kimyakimya: anaacha nafaka yake, anakunja sura anapofungwa mkanda wa tandiko, manyoya yanapoteza mng'ao. Kwa farasi wa Kiarabu, jambo la kujua kabla ya kuzalisha ni kasoro ya kurithi inayomnyima mtoto kinga ya mwili. Mtoto huugua tu pale wazazi wote wawili wanapoibeba, na hugunduliwa kwa kipimo cha vinasaba.

Farasi wazito wa kuvuta mizigo, kama Shire na Clydesdale, wana manyoya marefu yanayofunika miguu ya chini, mazuri kwa macho na mabaya kwa mfagiaji mvivu. Chini yake hukaa unyevu, utitiri na vidonda. Usitazame tu, ingiza vidole hadi kwenye ngozi, kila siku. Farasi wa Iceland aliyesafirishwa nje ya kisiwa chake hapati ruhusa ya kurudi tena, na ugenini mara nyingi hupata mwasho mkali wa ngozi unaotokana na kuumwa na visubi ambao hakuwazoea tangu utotoni. Na farasi mweupe au wa kijivu wa aina yoyote akizeeka, kagua chini ya mkia, ambako uvimbe mweusi hupenda kuota.

Kuna lisilochagua aina, nalo ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Utumbo wake mpana ni mrefu, una kona kali, na kwenye kona mojawapo njia hubanana ghafla. Maji yakipungua, chakula kikibadilishwa kwa siku moja, minyoo ikizidi au meno yakishindwa kusaga, kitu hukwama. Atachimba kwa mguu wa mbele, atageuza shingo kutazama ubavu, atalala na kuinuka, na mwingine atakunja tu mdomo wa juu na kukaa kimya. Ondoa chakula chote na umpigie daktari. Usimchome dawa ya maumivu iliyobaki kabatini, kwa sababu itazificha dalili ambazo daktari anazihitaji ili kuamua kama ni kesi ya dawa au ya kisu.

Mengine nitayataja kwa haraka. Pepopunda humuua farasi kwa urahisi, na chanjo ipo. Tezi zinazovimba chini ya taya pamoja na kamasi nzito na homa huenda zikawa maambukizi ya bakteria aitwaye Streptococcus equi, basi mtenge siku hiyohiyo, ndoo yake iwe yake peke yake. Homa hutangulia kamasi kwa siku kadhaa, na hapo utaona kwa nini nilisisitiza kipimajoto. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kisiingie bandani, maana kingine huwekwa dawa iitwayo monensini, ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo. Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Dawa ya minyoo itolewe baada ya kupima mavi, si kwa kufuata kalenda.

Unapompigia daktari usiku, usianze na maelezo marefu ya jinsi ulivyoshtuka. Mwambie aina na umri wa mnyama, mapigo ya moyo ya sasa na ya kawaida yake, rangi ya ufizi, alikula nini na lini, na saa aliyokunya mara ya mwisho. Hiyo saa ya mwisho ndiyo watu wengi hukosa kuijua.