Mizinga kwanza, askari wa miguu baadaye: kwa wanaoanza Panzer Corps

Ndugu wachezaji wapya wa Panzer Corps, mchezo wa vita wa kompyuta unaochezwa kwa zamu, nimekuwa nikitazama mechi zenu kwa muda sasa, na kosa ninaloliona ni lilelile lililowaponza wachezaji wa Panzer General, mchezo uliotangulia wa aina hiyohiyo, tangu ulipotolewa na kampuni ya SSI mwaka 1994. Kikosi cha askari wa miguu kinarushwa kwenye mji ambao adui amejichimbia, kinatoka humo kikiwa na pointi tatu za nguvu kati ya kumi, na ndipo mwenye kikosi anapokumbuka kwamba heksi mbili nyuma (heksi ni vyumba vya pembe sita vya ramani) kuna mizinga ambayo haijafyatua hata kombora moja. Nawapenda, na kwa sababu hiyo siwezi kuendelea kunyamaza.

1. Mizinga ipige kwanza, kila zamu. Wengi mnalalamika kwamba mizinga haiui, kwa kuwa mnaona imeondoa pointi moja tu, au haikuondoa kitu. Angalieni kilichobanwa, msiangalie kilichokufa. Pointi za nguvu zilizobanwa hazijibu mapigo pale askari wenu wanapoingia, na kila shambulio linapunguza kiwango cha mahandaki ya adui. Kabla ya kushambulia, mchezo wenyewe unawaonyesha hasara inayotarajiwa kwa kila upande; isomeni kabla mizinga haijapiga, kisha isomeni tena baada ya kupiga, nanyi mtaona hesabu iliyokuwa ya kujiua ikigeuka kuwa shambulio la kawaida.

2. Vifaru visiingie mjini wala msituni. Huko askari wa miguu ndio wenye eneo.

3. Mizinga ni ngao pia, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Adui akishambulia kikosi chenu kilichopakana na mizinga yenu, mizinga hiyo humpiga kabla shambulio lake halijaanza, kwa hiyo anafika akiwa amekwisha kubanwa. Mkiweka askari wa miguu katika mstari, heksi moja ya nyuma hugusa heksi mbili za mbele, maana yake betri moja (kikosi kimoja cha mizinga) iliyowekwa vizuri inalinda vikosi viwili kwa wakati mmoja, ilhali ikisogezwa heksi moja pembeni bila kufikiri huenda isimlinde yeyote. Mapigo hayo ya kulinda hutumia makombora yaleyale ya kushambulia. Mchezaji anayemaliza makombora yote katika zamu yake kwa tamaa ya kuondoa pointi moja zaidi anawaacha askari wake bila ulinzi katika zamu ya adui, kisha anashangaa mstari umevunjikaje. Bakizeni makombora, na betri inayokaribia kuishiwa ipumzisheni ijazwe, tena ikiwa mbali na adui, kwa sababu adui aliyepakana nayo hupunguza kiasi cha makombora inachopata.

4. Malori. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili liliniuma mno. Katika kampeni moja nilikuwa na betri nzito niliyoilea tangu mapigano ya mwanzo, yenye uzoefu wa kutosha kuongezewa nguvu zaidi ya zile kumi za kawaida. Mstari wa adui ulikuwa umevunjika, zamu zilizobaki zilikuwa chache, na mji wa mwisho ulikuwa mbali. Nikaipandisha betri kwenye malori, nikaipeleka barabarani mbele kabisa, sambamba na askari wa miguu waliokuwa wamechoka, nikiwaza jinsi ambavyo ingepiga zamu itakayofuata. Sikutuma kikosi cha upelelezi kutazama msitu uliokuwa kando ya barabara. Mizinga iliyosafiri kwa lori hubaki kwenye lori zamu nzima ya adui: haiwezi kumlinda jirani yake, na ikishambuliwa hujitetea kwa nguvu za lori, ambazo si nguvu za kutajwa. Vifaru viwili vikatoka msituni. Cha kwanza kiliivunja betri, cha pili kikaimaliza, na askari wa miguu waliokuwa pembeni wakashambuliwa bila hata kombora moja kufyatuliwa kwa ajili yao. Uzoefu wote wa betri ile ukapotea, na ile niliyoinunua badala yake ilianza kujifunza upya wakati adui alikuwa ameshakuwa mgumu.

Kwa hiyo nasisitiza, hata kama nawachosha: mizinga ya kuvutwa isogee kwa kupokezana. Betri moja ipande lori huku nyingine ikiwa imeshuka, imejaa makombora, imepakana na askari. Mwisho wa safari ya lori uwe nyuma ya kikosi kingine, mahali ambapo upelelezi umekwisha kupita.

5. Wahandisi hawajali mahandaki ya adui. Mji mgumu waachieni wao.

6. Askari wa kujazia wa bei nafuu hupunguza uzoefu wa kikosi, wale wa bei ya juu huuhifadhi. Katikati ya mapigano, askari wa miguu wanaoshika mji wajazeni kwa bei nafuu ikiwa prestiji, yaani pointi za kununulia vikosi, imepungua, lakini mizinga yenye nyota za uzoefu ilipieni bei ya juu, kwa sababu mizinga inayokaa mahali pake haipotezi pointi mara nyingi, na gharama hiyo mtaiona kwa nadra.